Anza na kata unayoijua kwa miguu: hotuba kuhusu kujifunza QGIS na PostGIS

Ndugu wanafunzi wa jiomatiki na mipango miji, maafisa ardhi, watendaji wa mitaa, na ninyi mnaozunguka na simu mkikusanya takwimu: habari za asubuhi, na karibuni.

Tumeombwa tueleze namna ya kujifunza programu huria za ramani na kanzidata za kijiografia. Tutashika mbili tu. Ya kwanza ni QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002. Humo ndimo unamotazama ramani, unachora, unarekebisha na kuchapisha. Ya pili ni PostGIS, nyongeza ya kanzidata ya PostgreSQL, iliyotolewa kwanza mwaka 2001 na kampuni ya Refractions Research ya Kanada. Hii huhifadhi maumbo ya ramani kwenye majedwali na kuyafanyia hesabu. Zote mbili hazina ada ya leseni, hakuna anayekufungia mwaka ukiisha, na ukitaka kujua hesabu imefanywaje unaruhusiwa kusoma msimbo wake. Kwa halmashauri yenye bajeti finyu, hilo si jambo dogo.

Tunalotaka mlishike ni hili: katika kazi ya ramani, makosa mabaya hayapigi kelele. Ukikosea herufi kwenye amri, kompyuta itakukatalia kwa maandishi mekundu nawe utasahihisha. Ukikosea mfumo wa majiranukta, yaani namba zinazotaja mahali ardhini, kompyuta itakupa namba kana kwamba mambo ni shwari. Namba hiyo itaandikwa kwenye taarifa, taarifa itasomwa kikaoni, na huko mwisho nyumba ya mtu itapigwa alama ya X ukutani kwa hesabu ambayo hakuna aliyeikagua. Ndiyo maana tunawasihi mjifunze kwa eneo mnalolijua kwa miguu. Mtu anayeijua Kigogo, kata ya Dar es Salaam, akiambiwa na kompyuta kwamba nyumba tatu tu ziko karibu na mto, atashtuka hapohapo. Asiyeijua atalikubali jibu na kuendelea.

Basi tuchukue swali moja la kweli tulifuate mpaka mwisho. Ni majengo mangapi ya kata ya Kigogo, Dar es Salaam, yaliyo ndani ya mita 60 kutoka mto Msimbazi? Hizo mita 60 zimo katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kudumu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Wakazi wa bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa uzito wa swali hili.

Takwimu za kujibia zipo, tena bure. Kata ya Tandale, nayo ya Dar es Salaam, ilichorwa na wakazi wake pamoja na wanafunzi mwaka 2011. Desemba ya mwaka huohuo mafuriko yaliikumba Dar es Salaam, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaweka pamoja wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wenyewe, wakachora kata zinazofurika: majengo, vichochoro, mifereji ya maji. Kazi hiyo iliwekwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na wachangiaji, na yeyote kati yenu anaweza kuipakua leo.

Tuanze na kusakinisha, kwa haraka, maana hapa hukwama wengi kwa mambo madogo. Chukua QGIS ya toleo la muda mrefu, lile lenye alama ya LTR, wala usishawishike na toleo jipya kabisa mpaka uwe na sababu. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inafanya kazi vizuri. Ya GB 4 itakubeba ukibaki na kata moja moja. Kwenye Windows, kisakinishi cha PostgreSQL kikimaliza hukuuliza kama ufungue Stack Builder. Kubali, kwa sababu humo ndimo PostGIS inamopatikana. Wanaobofya hapana hukutana na tatizo baadaye, pale amri ya kuwasha nyongeza inapodai haioni faili yake. Kwenye Ubuntu, jina la kifurushi hubeba namba ya toleo: PostgreSQL 16 inataka postgresql-16-postgis-3, na namba hizo zisipolingana nyongeza haitaonekana.

Ukishaunda kanzidata yako, tuseme inaitwa kigogo, ingia ndani yake utoe amri hii:

CREATE EXTENSION postgis;

Amri hii hutolewa katika kila kanzidata mpya. Kuitoa ndani ya ile kanzidata iitwayo postgres hakuisaidii ile ya kigogo. Kisha uunganishe QGIS: anwani localhost, mlango 5432. Muunganisho ukikataa ilhali nywila ni sahihi, angalia kama kompyuta ilikuwa na toleo la zamani la PostgreSQL. Likiwepo, toleo jipya huwa limepewa mlango 5433.

Kupata takwimu, weka ndani ya QGIS programu-jalizi ya QuickOSM, inayopakua takwimu za OpenStreetMap. Sogeza ramani mpaka Kigogo ijae kwenye kioo, kisha omba vitu vyenye ufunguo wa building, yaani majengo, katika eneo linaloonekana tu. Usiombe Dar es Salaam nzima. Seva itakatisha ombi kabla halijaisha, nawe utadhani intaneti yako ndiyo mbovu. Rudia kwa waterway, yaani mistari ya mito na mifereji, halafu kwa natural yenye thamani ya water. Tutaona punde kwa nini mto tunauomba mara mbili. Mpaka wa kata uchukue pia, au uutumie ule rasmi kama ofisi yenu inao.

Sasa tumefika kwenye kiini, na hapa tutakaa.

Takwimu za OpenStreetMap zinakuja katika longitudo na latitudo, mfumo wa WGS 84, ambao namba yake ya utambulisho ni EPSG 4326. Kipimo chake ni digrii. Digrii moja karibu na ikweta ni kama kilomita 111. Ukiiambia kompyuta itafute vitu vilivyo ndani ya 60 katika mfumo huu, itatafuta ndani ya digrii 60, na dunia nzima ina digrii 180 tu kutoka ncha hadi ncha. Majengo yote ya Kigogo yatahesabiwa, na hakuna onyo litakalotokea. Ukiomba eneo la nyumba utapata namba kama 0.0000000081, ambazo ni digrii za mraba na hazina maana kwa fundi wala kwa mwanasheria.

Kwa hiyo tunahitaji mfumo wa mita. Dar es Salaam iko kwenye longitudo 39.28 mashariki, yaani kanda ya 37 ya UTM, mfumo unaogawa dunia katika kanda na kupima kwa mita, inayoanzia digrii 36 hadi 42, na iko kusini mwa ikweta. Namba yake ni EPSG 32737. Hizo 327 za mwanzo zinasema kusini. 326 zingesema kaskazini. Mtu akiandika 32637 badala ya 32737, Kigogo yake inahamia Bahari ya Aktiki, kwa sababu kusini mwa ikweta vipimo vya kaskazini huhesabiwa kwa kuanzia mita milioni kumi. Na Tanzania haina kanda moja: Kigoma iko kanda ya 35, Mwanza na Dodoma ziko ya 36, Morogoro, Arusha na pwani yote ziko ya 37. Dodoma iko karibu sana na mpaka wa digrii 36, kwa hiyo timu inayofanya kazi Dodoma na Morogoro kwa wakati mmoja lazima ikubaliane mapema. Wenzetu wa Kenya wana kazi ya ziada, kwa sababu ikweta inapita katikati ya nchi yao.

Kuna vitendo viwili ambavyo wanaoanza huvichanganya kila mara, na mkitoka hapa na kimoja tu cha kukumbuka, kiwe hiki. Kitendo cha kwanza ni kuitajia kompyuta mfumo ambao takwimu tayari zimo. Kwenye PostGIS ni ST_SetSRID. Hakigusi namba hata moja, kinabandika jina tu. Kitendo cha pili ni kuzibadilisha namba zenyewe kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Hicho ni ST_Transform. Kwenye QGIS navyo viko viwili: kimoja kipo ukibofya jina la tabaka, yaani kundi moja la takwimu kwenye ramani, na kuweka mfumo wake, kingine kipo kwenye sanduku la zana na hutoa tabaka jipya lililobadilishwa. Mwenye takwimu za digrii akizibandika jina la 32737 bila kuzibadilisha, kompyuta itaamini kwamba Kigogo iko mita 39 mashariki na karibu mita 7 kusini mwa asili ya gridi. Ramani itaonekana tupu. Wengi hapo hudhani faili limeharibika, wakalipakua upya mara ya pili na ya tatu.

Utaratibu salama: unapoingiza matabaka kwenye PostGIS kupitia DB Manager ya QGIS, taja mfumo wa chanzo kuwa 4326 na wa kufikia kuwa 32737, weka alama kwenye kutengeneza faharasa ya kijiografia, ile inayoharakisha utafutaji, weka alama pia kwenye kugeuza majina ya safu yawe herufi ndogo, na jina la jedwali uliandike mwenyewe kwa herufi ndogo. Hilo la mwisho linaonekana dogo. Jedwali likiitwa Nyumba kwa herufi kubwa, kila swali utakaloandika litadai alama za kunukuu kuzunguka jina hilo, maana PostgreSQL hushusha herufi zote usipozinukuu.

Kuna makosa mengine matatu ya majiranukta ambayo ukiyajua kwa sura hayatakupotezea siku. La kwanza ni kugeuza mpangilio. PostGIS hutaka longitudo kwanza, kwa maana x huja kabla ya y, ilhali sisi tumezoea kutaja latitudo kwanza. Vituo vyako vya Dar es Salaam vikionekana Hispania karibu na mpaka wa Ureno, umegeuza. La pili ni kusahau alama ya kutoa kwenye latitudo: hapo vituo vinaangukia Ethiopia. Vikiangukia baharini kwenye Ghuba ya Guinea, nukta sifuri kwa sifuri, basi safu zako zilikuwa tupu au zilisomwa kama maandishi. Angalia kama kuna aliyetumia mkato mahali pa nukta ya desimali. La tatu ni gumu zaidi kuliona, na linawahusu hasa maafisa ardhi. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya, zile za kipimo cha 1:50,000, zilitengenezwa kwa mfumo wa Arc 1960. Namba zake zinafanana sana na za WGS 84, kanda ni ileile, tarakimu ni zilezile kwa wingi. Lakini ukizichanganya, kitu kinasogea takriban mita 300 kaskazini au kusini. Mita 300 Kigogo ni ng'ambo ya pili ya mto. Takwimu za zamani za kanda ya 37 kusini zitajiwe EPSG 21037, kisha zibadilishwe.

Tukishamaliza hapo, swali lenyewe ni fupi. Tuseme majedwali ni nyumba, lenye majengo yaliyo ndani ya mpaka wa kata tu, na mto, lenye vipande vya Msimbazi tu bila mifereji, na safu ya umbo inaitwa geom:

SELECT count(*) FROM nyumba n WHERE EXISTS (SELECT 1 FROM mto m WHERE ST_DWithin(n.geom, m.geom, 60));

Mtauliza kwa nini EXISTS, wakati kuunganisha majedwali mawili moja kwa moja ni rahisi zaidi kuandika. Mto kwenye OpenStreetMap haukuchorwa kama kipande kimoja. Umekatwa kila penye daraja, kila penye kijito kinachoingia. Nyumba iliyo karibu na maungio ya vipande viwili itahesabiwa mara mbili ukiunganisha, na jumla itakua kimyakimya. EXISTS huuliza tu kama kuna kipande chochote kilicho karibu, basi.

Mtauliza tena kwa nini ST_DWithin, inayouliza kama vitu viwili viko ndani ya umbali uliotajwa, badala ya kupima umbali kwa ST_Distance na kulinganisha na 60. Jibu litakuwa lilelile. Tofauti ni kwamba ST_DWithin hutumia faharasa: kwanza hutupa majengo yote ambayo mistatili yake haikaribii mto, kisha hupima yaliyobaki. ST_Distance hupima kila jengo na kila kipande. Kwa kata moja huenda usione tofauti. Kwa jiji zima utaondoka kunywa chai na kurudi ukute bado. Kwa sababu hiyohiyo usiweke ST_Transform ndani ya sharti la swali, kwani faharasa ilitengenezwa kwa namba za awali. Badilisha jedwali mara moja, tengeneza faharasa ya GIST, ndiyo ile ya kijiografia, toa amri ya ANALYZE ili kanzidata ijue hali ya jedwali, ndipo uulize.

Amri ya kukata maumbo, kwa mfano kukata majengo kwa mpaka wa kata, huenda ikakatika kwa ujumbe wa TopologyException. Maana yake kuna poligoni, yaani umbo lililofungwa, ambayo mstari wake unajikata wenyewe, kwa kawaida jengo lililochorwa kwa haraka pembe zikapishana. ST_IsValidReason itakuonyesha ni lipi na wapi. ST_MakeValid hulirekebisha, lakini litazame baada ya hapo, kwa sababu jengo lililojikunja laweza kugeuka vipande viwili.

Sasa tumepata namba. Bado hatujapata jibu, na hapa ndipo tunapoomba umakini wenu zaidi kuliko popote. Mstari wa waterway ni mstari wa katikati ya mto. Sheria inapima kutoka ukingoni. Penye mto wenye upana wa mita 20, ukipima kutoka katikati umepunguza mita 10 kila upande, na safu nzima ya nyumba inaweza kubaki nje ya hesabu. Ndiyo maana tuliomba pia poligoni za maji: zikiwepo, hizo ndizo zipimwe. Zisipokuwepo, chora ukingo mwenyewe juu ya picha ya anga, na kabla ya kuchora hakikisha picha haijasogea kwa kuilinganisha na njia zilizorekodiwa kwa GPS. Halafu kumbuka kwamba Msimbazi hauna ukingo uliotulia. Mvua za masika huukata, mchanga unachimbwa, mkondo unahama. Tarehe ya picha uliyochorea lazima iandikwe kwenye taarifa, kando ya namba yenyewe. Namba isiyo na tarehe ya picha, kwa maoni yetu, isipelekwe kikaoni kabisa.

Kisha nenda mtaani. Chagua majengo kama kumi yaliyo kwenye mstari wa mita 55 hadi 65, kwa maana hapo ndipo kosa dogo hubadili hatima ya mtu, ukayapime kwa futi ya utepe pamoja na mjumbe wa shina. Simu peke yake haitoshi kwa kazi hii: mahali pa wazi GPS yake hukosea mita 3 hadi 5, na kati ya kuta zilizobanana hukosea zaidi. Ukilazimika kuitumia, simama usubiri usahihi ushuke kabla ya kuhifadhi nukta.

Tuseme machache kuhusu kutunza kazi. Mkitumiana faili za muundo wa shapefile kwa WhatsApp, mnatuma ile ya .shp peke yake, na mwenzako hawezi kufanya lolote. Zinahitajika .shp, .shx, .dbf na .prj pamoja, ndani ya zipu moja. Muundo huo pia hukata majina ya safu kwenye herufi 10: jina_la_mtaa na jina_la_mtendaji yote yanakuwa jina_la_mt, na moja litapachikwa namba ili yatofautiane. Tumieni GeoPackage, ambayo ni faili moja na haikati majina. Ila msiinakili kwenye flashi huku QGIS imeifungua, kwa sababu mabadiliko ya mwisho yanaweza kuwa bado yamo kwenye faili ya pembeni yenye mkia wa -wal. Funga QGIS kwanza.

Watu wakiwa wawili au zaidi, hamieni PostGIS. Kila jedwali liwe na safu ya namba zisizojirudia kama ufunguo, la sivyo QGIS haitakuruhusu kuhariri. Mjue pia kwamba QGIS haifungi jengo unalolihariri: mwenzako akilihariri wakati huohuo, anayehifadhi mwisho ndiye anayebaki. Gawaneni mitaa. Anayehitaji kutazama tu apewe ruhusa ya SELECT peke yake. Na kila Ijumaa endesheni pg_dump, amri ya kutoa nakala ya kanzidata, yenye alama ya -Fc, mweke nakala mahali pengine nje ya kompyuta hiyo, halafu angalau mara moja mjaribu kuirejesha kwa pg_restore kwenye kanzidata tupu. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hamjui kama inafanya kazi.

Mwisho ni suala la haki. Takwimu za OpenStreetMap zinatolewa kwa leseni ya ODbL: ramani yoyote mtakayochapisha iandike kwamba zimetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap. Mkigundua mtaani kwamba jengo limebomolewa au mfereji umehama, rudisheni sahihisho hilo OpenStreetMap ili kata jirani nayo ifaidike. Lakini majina ya wenye nyumba, namba zao za simu, nani mgonjwa na nani mpangaji, hayo yabaki kwenye jedwali la ndani, lenye nywila, likiungana na majengo kwa namba tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayahusu moja kwa moja, na jedwali hilo lisiwekwe kwenye kompyuta ileile mnayowapa wageni kuangalia ramani.

Asanteni. Tuko tayari kwa maswali, kisha tufungue kompyuta tuanze na amri ya kwanza.